Maswali ya Wasomaji: Jáchymov, mji mdogo wa Cheki ulioitangulia Shinkolobwe

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulisema, kwa sentensi moja tu, kwamba kabla mawe ya urani ya Shinkolobwe, mgodi wa hapa kwetu Katanga, hayajajulikana duniani, radiamu, metali ile yenye mionzi mikali, ilitoka katika mji mdogo wa Ulaya ya kati uitwao Jáchymov, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki, zaidi kutoka Likasi, Kambove na mitaa ya hapa Lubumbashi, ambako ni shida kupata ukoo usio na mtu aliyewahi kula mkate wa mgodi. Tumechagua chache, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa jiolojia hapa Lubumbashi. Mwalimu wetu naye aliutaja mji huo, kisha akaendelea na somo. Uko wapi hasa, na ulianzaje?*

Mwanangu, tuanze na ramani. Kaskazini-magharibi mwa Cheki, mpakani na Ujerumani, kuna safu ya milima ambayo Wacheki huiita Krušné hory na Wajerumani huiita Erzgebirge, yaani milima ya madini. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Klínovec, kina mita 1,244 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wewe unayesoma katika mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 usingeshangazwa na kimo hicho. Kitakachokushangaza ni theluji. Chini ya kilele hicho, kama kilomita 20 kaskazini ya mji wa Karlovy Vary, pana bonde jembamba lenye mteremko mkali, na humo nyumba za Jáchymov zimejipanga kandokando ya barabara moja inayopanda, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kujenga kwa namna nyingine.

Mji ulianza mwaka 1516. Kabla ya hapo palikuwa na kijiji tu kilichoitwa Konradsgrün. Kabaila Štěpán Šlik, ambaye ukoo wake ulimiliki ardhi ile, alipopata habari za mishipa ya fedha bondeni, alishirikiana na matajiri wengine kuchimba, na makazi mapya yakapewa jina la Kijerumani la Sankt Joachimsthal, bonde la Mtakatifu Yoakimu. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Saksonia katika nchi ya Wajerumani, tayari kulikuwa na mji wa fedha wa Annaberg, uliopewa jina la Mtakatifu Ana, mkewe Yoakimu. Wachimbaji wa siku zile walipenda kuiweka jamaa nzima ya Bikira Maria ilinde mashimo yao. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1520, Mfalme Ludvík wa Bohemia, ufalme wa zamani ambao leo ni sehemu ya Cheki, aliupa mji hadhi ya mji huru wa kifalme wa madini, na katika miaka ya 1530 ulikuwa na watu karibu 18,000, kiasi kwamba katika Bohemia yote ni Praha peke yake iliyouzidi. Leo wakazi wake hawafiki 3,000. Wasomaji wa Kolwezi, ambao wameona kwa macho yao jinsi watu wanavyomiminika mahali kobalti inapotajwa, hawahitaji kuelezwa jinsi kijiji kinavyoweza kuwa mji mkubwa kabla watoto waliozaliwa siku ya kwanza hawajaota ndevu. Wala hawatashangaa kusikia kwamba mwaka 1525, mwaka uleule wa maasi makubwa ya wakulima katika nchi za Kijerumani, wachimbaji wa Jáchymov nao waliasi dhidi ya mabwana wao.

Kwa kuwa unasoma jiolojia, kuna jina moja usiloweza kuliruka. Mwaka 1527 mji uliajiri daktari kijana aliyeitwa Georgius Agricola, aliyekaa hapo kwa takriban miaka mitatu. Asubuhi aliwatibu wachimbaji, na muda uliobaki aliwahoji: mshipa hufuatwaje, maji hutolewaje shimoni, jiwe hupondwaje na huyeyushwaje. Alichojifunza kwao ndicho msingi wa kitabu chake *De re metallica*, kilichochapishwa Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ambacho kwa karibu karne mbili kilibaki mwongozo mkuu wa kazi ya migodi Ulaya. Michoro yake ya magurudumu ya maji, pampu na mivuo ingali inachapishwa hadi leo. Mwaka 1912 mhandisi wa migodi Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alikitafsiri kutoka Kilatini pamoja na mkewe, Lou Henry Hoover. Nchi nyingi zimewahi kutawaliwa na watu waliotajirika kwa migodi; waliokaa chini wakatafsiri kitabu cha migodi ni wachache sana.

*Mimi nabadilisha fedha barabarani, siku nzima dola na faranga mkononi. Rafiki yangu anasema eti dola ilizaliwa katika mji huo wenu wa Cheki. Je, si porojo?*

Si porojo, ingawa inahitaji maelezo kidogo. Madini ya fedha yalipokuwa mengi Jáchymov na barabara za milimani zikiwa mbaya, ilikuwa nafuu kuyafua sarafu palepale kuliko kuyasafirisha yakiwa vipande. Mnamo Januari 1520 Baraza la Bohemia liliidhinisha haki ya akina Šlik kufua sarafu. Sarafu yao ilikuwa nzito, karibu gramu 29, kwa hiyo mtu alihisi thamani yake kiganjani kabla hata ya kuitazama. Upande mmoja amesimama Mtakatifu Yoakimu pamoja na ngao ya akina Šlik. Upande wa pili yuko simba wa Bohemia mwenye mkia wa panda mbili, na jina la Mfalme Ludvík limeuzunguka ukingo.

Haikuwa sarafu ya kwanza ya ukubwa huo. Tirol, nchi ya milima ya Alpi, ilikwisha kufua ya namna hiyo mwaka 1486. Lakini ya Tirol ilikuwa ya kutazamwa zaidi kuliko kutumiwa, ilhali ya Jáchymov ilitoka kwa mamilioni, ikaingia masokoni kote Ulaya, na wafanyabiashara, ambao hawana muda wa kutamka Joachimsthaler kila wanapopokea malipo, wakaikata ikawa thaler. Waholanzi wakasema daalder, Waingereza wakasema dollar, na mwaka 1785 Bunge la Marekani likalichagua jina hilo kwa fedha ya taifa lake jipya, kabla ya sheria ya sarafu ya mwaka 1792. Ndugu yake wa karibu, thaler ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, ilisafiri kwa njia nyingine: ilitumika Uhabeshi, Uarabuni, na katika karne ya 19 ilipokelewa hata Zanzibar.

Akina Šlik wenyewe hawakufaidi kwa muda mrefu, kwani mwaka 1528 Mfalme Ferdinand I aliwanyang'anya haki ya kufua sarafu akaiweka mikononi mwa ufalme. Na rafiki yako asije akakwambia kwamba dola unayoishika leo ina uhusiano wowote na madini ya bonde lile: kilichosalia ni jina, fedha yenyewe ilikwisha kutoka ndani yake zamani. Katika hilo misalaba ya shaba ya Katanga, ile iliyokuwa malipo ya mahari na biashara karne nyingi kabla ya Wabelgiji, ilikuwa na uaminifu zaidi, kwa sababu thamani yake ilikuwa ndiyo shaba yenyewe. Ipo katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi. Ukipata nafasi nenda ukaitazame.

*Nafundisha sekondari huko Likasi. Kama fedha ilikuwa nyingi hivyo, mbona mji ulidhoofika? Na jiwe la urani liligunduliwaje humo?*

Mwalimu, yalikuja mengi kwa pamoja. Mishipa ya juu ilikwisha, mashimo yakazidi kwenda chini, maji yakazidi kuwa mengi na gharama ya kuyatoa ikapanda. Wakati huohuo fedha ya Marekani ya Kusini, hasa ya Potosí iliyogunduliwa mwaka 1545, ilianza kufika Ulaya kwa wingi na kushusha bei. Kisha ikaja dini: wachimbaji wengi wa Jáchymov walikuwa Walutheri, na wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, watawala Wakatoliki waliwalazimisha kuchagua kati ya imani na makazi. Wengi walivuka mpaka wakaenda Saksonia na ufundi wao. Mji ukabaki na kobalti ya kutengenezea rangi ya buluu, bismuthi na risasi, na sifa ya elimu, maana mwaka 1716 ilianzishwa hapo shule ya migodi kwa agizo la Kaizari Karl VI.

Jiwe la urani halikuhitaji kugunduliwa. Wachimbaji walilifahamu tangu mwanzo na walilichukia. Lilikuwa jeusi, zito, lenye mng'ao wa lami, nao waliliita Pechblende. Mara nyingi lilipotokea, mshipa wa fedha ulikuwa unafikia mwisho, basi lilitupwa nje ya shimo pamoja na taka nyingine na kurundikwa milimani. Mwaka 1789 mkemia Martin Heinrich Klaproth wa Berlin alitambua ndani ya jiwe la namna hiyo, kutoka milima hii hii, elementi mpya, akaiita kwa jina la sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka minane tu kabla. Kwa zaidi ya nusu karne ugunduzi huo haukumnufaisha mchimbaji yeyote. Katika miaka ya 1850 ndipo Jáchymov ilipojenga kiwanda cha kutengeneza rangi kutokana na urani, chini ya mkemia Adolf Patera, na rangi hizo za manjano na chungwa zikauzwa kwa mafundi wa vioo na vyombo vya kauri. Mabaki ya kiwanda yalimwagwa msituni, chini ya misonobari.

Hapo ndipo anapoingia Marie Curie. Mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre waliona kwamba jiwe la Jáchymov lina nguvu ya mionzi kubwa kuliko kiasi cha urani kilichomo, maana yake kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Julai walitangaza poloni, Desemba wakatangaza radiamu. Ili kuithibitisha walihitaji mawe kwa tani, na hawakuwa na fedha. Wakafikiria yale mabaki: ikiwa kiwanda kimeondoa urani, hicho kitu kingine lazima kimebaki katika taka. Serikali ya Austria, iliyomiliki machimbo wakati huo, iliwapa tani ya kwanza bure, na magunia yalipofunguliwa Paris palikuwa na vumbi la kahawia lililochanganyika na majani makavu ya msonobari. Kutokana na tani kadhaa za vumbi hilo, lililokorogwa vyunguni kwa fimbo ya chuma katika banda linalovuja, Marie Curie alipata mwaka 1902 sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Wanafunzi wako watakaosimuliwa ugunduzi huo waambiwe pia kwamba malighafi yake ilikuwa taka za mgodi. Jáchymov yenyewe haikumsahau, naye aliitembelea mwaka 1925.

*Mimi ni mstaafu wa Gécamines. Baba yangu alifanya kazi Union Minière na alikuwa akisema, "Sisi ndio tuliovunja soko la Wazungu wa radiamu." Sikupata kumwelewa. Je, alikuwa akizungumzia mji huo?*

Baba, marehemu alikuwa akijua alichokuwa akikisema. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Jáchymov ilikuwa chemchemi kuu ya radiamu duniani, na bei ya gramu moja ilizidi dola 100,000. Marekani nayo ilianza kuitoa katika mawe ya Colorado, ambayo yalikuwa maskini sana. Mwaka 1915 Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba migodi ya Katanga, alikuta jiwe la urani huko Shinkolobwe, kama kilomita 20 magharibi mwa Likasi. Kampuni ilikaa kimya. Ilipojenga kiwanda chake Olen, Ubelgiji, na kukiwasha mwaka 1922, dunia ilishtukia radiamu ikitoka katika mawe yaliyochambuliwa kwa mkono ambayo kiasi chake cha oksidi ya urani kilifikia asilimia 65, wakati mawe ya Marekani hayakufikia hata asilimia moja. Bei ikaporomoka hadi karibu dola 70,000 kwa gramu. Viwanda vya Marekani vilifungwa. Jáchymov haikufungwa, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali ya Chekoslovakia na ilikuwa na njia nyingine ya kuishi, ambayo nitaieleza kwa mama anayefuata; lakini haikuwa tena mahali pa kupanga bei.

Si sahihi, hata hivyo, kusema kwamba Shinkolobwe iliua Jáchymov. Kwa muda fulani majina yao yalitembea pamoja. Mnamo Oktoba 1938, baada ya mapatano ya Munich, Ujerumani iliichukua sehemu hiyo ya Chekoslovakia, na machimbo yakaingia mikononi mwa serikali ya Hitler. Katika barua ya tarehe 2 Agosti 1939 ambayo Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt kumwonya kuhusu uwezekano wa bomu jipya, zimo sentensi mbili ambazo mtu wa Katanga anapaswa kuzijua: moja inataja urani nzuri ya Kanada na ya iliyokuwa Chekoslovakia, na kusema kwamba chanzo muhimu kuliko vyote ni Kongo ya Wabelgiji, nyingine inaarifu kwamba Ujerumani imesimamisha kuuza urani ya machimbo ya Chekoslovakia iliyoyateka. Kusimamishwa huko kwa mauzo ya Jáchymov kulikuwa miongoni mwa dalili zilizowatia hofu wanasayansi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alihamishia New York tani zaidi ya 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, na kwa hayo Marekani ilianza kutengeneza mabomu yake. Baba yako na wenzake walipakia mawe hayo bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Wa Jáchymov nao hawakuambiwa.

*Mimi ni mama wa watoto sita, niko Kamalondo. Mwanangu ameniambia kwamba katika mji huo watu hulipa kuoga maji yenye mionzi. Huku tunaambiwa mionzi inaua. Tuamini lipi?*

Mama, yote mawili ni kweli, na tofauti iko katika kiasi, muda na usimamizi.

Nianze na kuua. Agricola aliandika kwamba katika baadhi ya milima ya migodi kulikuwa na wanawake walioolewa na waume saba, wote wakifa kwa ugonjwa wa kifua. Watu waliuita ugonjwa wa milima, wakalaumu vumbi, baridi na hata majini wa shimoni. Mwaka 1879 madaktari wa Schneeberg, upande wa Saksonia, walionyesha kwamba ni uvimbe wa saratani wa mapafu, na baadaye hali ileile ilithibitishwa kwa wachimbaji wa Jáchymov. Msababishi mkuu ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa na radiamu ndani ya mwamba. Mchimbaji aliivuta kila saa ya kazi, kwa miaka, pamoja na vumbi. Tena hatari haikukaa shimoni peke yake: Jáchymov kulikuwa na nyumba zilizojengwa na kupigwa lipu kwa mchanga wa taka za mgodi, na katika karne ya 20 wapimaji walikuta ndani yake viwango vikubwa mno vya radoni. Kwa hiyo, mama, kama kuna mtu anakuuzia kwa bei nafuu mchanga au mawe kutoka kwenye lundo la mgodi, usijengee chumba cha watoto.

Sasa kuhusu kuoga. Mashimo ya Jáchymov yana maji ya vuguvugu yenye radoni iliyoyeyuka. Mwaka 1906, mwaka uleule Union Minière ilipoundwa, wagonjwa wa kwanza walianza kuogeshwa hapo katika nyumba ya mwoka mikate, na hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya kwanza ya bafu za radoni duniani. Mwaka 1912 ikafunguliwa hoteli kubwa ya kifahari, Radium Palace. Hadi leo maji hupandishwa kutoka mgodi wa Svornost, kwenye kina cha takriban mita 500, na wagonjwa wa viungo na uti wa mgongo huketi ndani yake kwa dakika chache, kwa agizo la daktari, kwa idadi ya bafu iliyopangwa. Radoni haikai: nusu yake hugeuka na kutoweka katika muda usiozidi siku nne. Madaktari wa huko wanaitetea tiba hiyo, na mashirika ya afya kwa upande wao yanaonya kuwa radoni ya kuvutwa nyumbani ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya sigara. Mimi sitamshauri mtu yeyote aende kuchota maji Shinkolobwe kwa kuwa Wazungu huoga ya kwao. Huko kila ndoo hupimwa.

*Nimesoma kwamba palikuwa na kambi za wafungwa. Za Wajerumani au za nani? (Msomaji wa Katuba)*

Za pande zote, lakini zilizokumbukwa zaidi ni za Wacheki dhidi ya Wacheki. Baada ya vita, wakazi wa mji, ambao kwa karne nne walikuwa wasemaji wa Kijerumani, karibu wote walifukuzwa. Tarehe 23 Novemba 1945 Chekoslovakia ilitia saini na Umoja wa Kisovieti mapatano ya siri kuhusu urani. Mashimo yalitaka watu. Kwanza walitumiwa mateka wa vita wa Kijerumani. Kisha, chama cha kikomunisti kilipokwisha kushika madaraka mwaka 1948, walipelekwa wafungwa wa kisiasa. Kuanzia 1949 hadi 1961 milima hiyo ilizungukwa na kambi: Svornost, Rovnost, Nikolaj, Eliáš, Mariánská, Vykmanov na nyinginezo. Humo walikuwamo mapadre, watawa, wakulima waliokataa kutoa mashamba yao, viongozi wa maskauti, maofisa wa jeshi. Alikuwamo hata Augustin Bubník, mchezaji wa timu ya taifa ya mpira wa magongo wa barafuni iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1949. Mwaka uliofuata wachezaji walikamatwa, naye akahukumiwa miaka 14.

Kutoka kambi ya Svornost kushuka mgodini kulikuwa na ngazi ndefu ya mbao ndani ya ujia wa seng'enge, ambayo wafungwa waliipa jina la Mauthausen, kambi ya Wanazi, na mwenye kuitumia mwanzo na mwisho wa kila zamu alijua kwa nini. Huko Vykmanov, karibu na mji wa Ostrov, kuna mnara wa matofali mekundu wa ghorofa saba ambamo wafungwa walisaga mawe ya urani na kuyajaza katika mapipa ya chuma ya kupelekwa mashariki, bila kinga yoyote puani. Unaitwa Mnara Mwekundu wa Kifo. Uchimbaji wa urani Jáchymov ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Niseme wazi ninachokithamini zaidi katika mji huu kuliko hata sarafu zake. Mwaka 2019 UNESCO iliiandikisha milima hiyo ya madini, upande wa Cheki na upande wa Ujerumani kwa pamoja, kuwa Urithi wa Dunia, ikiwa na sehemu 22, tano zikiwa za Cheki. Wacheki wangeweza kupeleka nyumba ya sarafu na makanisa tu, wakapongezwa. Walipeleka pia Mnara Mwekundu wa Kifo, ukaandikishwa peke yake kama sehemu kamili, sawa na mandhari ya migodi ya Jáchymov. Historia ya waliochambua mawe ya Shinkolobwe kwa mikono mitupu inastahili kuandikwa kwa ujasiri wa namna hiyo, na wanaoweza kuisimulia wanazidi kupungua.

*Mtu akifika huko aone nini? Binamu yangu anasoma Ujerumani na anataka kupita likizo ijayo.*

Kutoka Praha hadi Karlovy Vary ni kama kilomita 130 kwa basi au treni, na kutoka hapo basi hupanda hadi Jáchymov. Akitokea Saksonia anaweza kuvuka mpaka kwa barabara ya milimani kupitia Boží Dar, mji ulio juu ya mita 1,000.

Basi litamshusha sehemu ya chini ya mji, penye Radium Palace na nyumba nyingine za tiba. Asikae hapo sana. Kila kitu cha zamani kiko juu, na njia ni kupanda kwa miguu. Atapita nyumba za matajiri wa karne ya 16 zenye milango ya mawe yaliyochongwa, baadhi zimetengenezwa vizuri, nyingine madirisha yamezibwa kwa mbao na paa limeingia ndani, maana mji wa watu 3,000 hauna uwezo wa kutunza majumba ya watu 18,000. Kwenye uwanja wa juu ataona jumba la baraza la mji, ambamo imehifadhiwa maktaba ya shule ya Kilatini, ile aliyoiongoza Johannes Mathesius, mchungaji aliyewahubiria wachimbaji kwa mifano ya mgodini na aliyeandika habari za maisha ya Martin Luther. Jirani yake kuna kanisa la Mtakatifu Yoakimu, lililojengwa kati ya 1534 na 1540, kanisa la kwanza jipya la Kilutheri katika Bohemia. Aliangalie akijua kwamba moto mkubwa wa mwaka 1873 uliliteketeza pamoja na sehemu kubwa ya mji, na kinachoonekana ni la kujengwa upya. Anayetaka kanisa ambalo moto haukuligusa ateremke hadi lile dogo la makaburini, la Watakatifu Wote.

Nyumba ya sarafu iko nyuma ya jumba la baraza, nayo ni makumbusho yenye sarafu, mawe na zana. Aanze na hiyo ikiwa muda wake ni mfupi. Juu zaidi kuna mnara uliobaki wa ngome ya akina Šlik, iliyoharibiwa katika Vita vya Miaka Thelathini, na mnara wa mgodi wa Svornost, ulioanza kuchimbwa mwaka 1518 na ambao ungali ukifanya kazi kwa ajili ya maji ya tiba. Svornost haiingiliwi na watalii wa kawaida. Kwa kuingia ardhini kuna Štola namba 1, njia iliyochimbwa wakati wa kutafuta urani baada ya vita, ambayo imefunguliwa kwa wageni, na kutoka mjini huanza njia ya miguu inayozunguka mahali palipokuwa na kambi, yenye mabango ya maelezo na picha. Makumbusho na Štola hufungwa sehemu ya mwaka, kwa hiyo aulize kabla ya kununua tiketi. Na hata ikiwa ni Julai, achukue koti, kwa sababu ndani ya ile njia ya chini kuna baridi ya jokofu na hakuna atakayemwazima.